BARAZA LA KARANI: Aulizwe Mwenye Kutumia

Wazee wetu walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Seremala aliyekichonga ajua mbao zake, ajua kamba zake, ajua na bei yake. Lakini kunguni wake hawajui, kwa maana hakukilalia. Leo nataka tuitafakari methali hii, si kwa habari ya vitanda, bali kwa habari ya vyombo, mashine na mipango inayoletwa vijijini mwetu kila mwaka. Mingine hutufaa kweli. Mingine, kabla mwaka haujaisha, imekwisha kuwa kiota cha kuku.

Katika viwanda vikubwa vya siku hizi wapo watu ambao kazi yao si kuchora chombo, wala kukitengeneza, wala kukiuza. Kazi yao ni kwenda kukaa na mtu atakayekitumia, kumtazama akiwa kazini, kumsikiliza, kisha kurudi kwa mafundi na kuwaambia: hapa mmepata, hapa mmekosa. Tuiite kazi ya kumchunguza mtumiaji. Pengine msomaji atasema, "Hayo ni mambo ya matajiri wenye nafasi, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Huku kwetu Shinyanga na Geita, kazi hii isipofanywa watu huumia, na wengine huumia pasipo kujua. Tuanze na mfano wa machimboni, maana jamaa zetu wengi wako huko.

Zebaki ya Rwamagasa

Rwamagasa ni kijiji cha wachimbaji katika wilaya ya Geita. Kazi yenyewe mwaijua. Mawe hupondwa na kusagwa kwenye karasha, unga wake ukaoshwa kwenye mwalo, na mchanga mzito unaobaki ukachanganywa na zebaki ndani ya karai. Zebaki huishika dhahabu. Kisha hukamuliwa kwa kitambaa, likabaki donge la rangi ya fedha, nalo huchomwa motoni mpaka zebaki itoke kwa mvuke na dhahabu ibaki peke yake.

Hatari i katika mvuke huo. Hauonekani kwa macho wala haunuki. Ukivutwa kifuani huingia katika damu, huenda kwenye ubongo na figo. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hudhoofika. Na mtoto aliye tumboni mwa mama yake aweza kudhurika kabla hajaliona jua. Kuanzia mwaka 2002 hadi 2007 ulikuwako mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza zebaki machimboni, uliofanya kazi katika nchi sita: Tanzania, Zimbabwe, Sudan, Brazil, Indonesia na Laos. Kwa Tanzania mahali palipochaguliwa ni Rwamagasa. Waganga waliwapima watu wa kijiji, na waliokutwa wamedhurika zaidi ni wale wenye kuchoma.

Basi, dawa ya jambo hili haikuwa ngeni. Iko tangu zamani, nayo ni chombo cha chuma kiitwacho retoti. Donge hutiwa ndani, chombo hufungwa, moto huwashwa chini yake. Mvuke wa zebaki hupita katika bomba, hupozwa kwa maji, ukarudi kuwa zebaki ileile, mtu akaikusanya na kuitumia tena. Afya imepona na zebaki haikupotea. Yeyote aliyesoma shule, akikaa mezani na karatasi yake, atasema: chombo hiki hakina kasoro, kitapokewa kwa furaha.

Walakini hakikupokewa hivyo. Retoti zimeletwa mara nyingi kwa wachimbaji wadogo, hapa kwetu na katika nchi nyingine, na mara nyingi zimeachwa pembeni. Wako walioona jambo hilo wakasema, "Wachimbaji ni watu wakaidi, hawajali maisha yao." Lakini wale waliokwenda kukaa nao na kuwatazama waliona mambo mengine kabisa. Nitayataja moja moja.

La kwanza, dhahabu ya karai moja si ya mtu mmoja. Yuko mwenye shamba, yuko mwenye duara, yuko aliyetoa fedha za chakula na magogo, wako na waliochimba. Wote husimama kuuzunguka moto, na kila jicho limetua juu ya donge lile mpaka dhahabu ionekane. Sasa mwaletewa chombo cha chuma kilichofungwa. Nani atakubali mali yake iingie gizani mbele ya watu watano asiowaamini sana? Ikipungua kidogo, je, imebaki ndani ya chuma, au imeibwa?

La pili, muda. Kuchoma motoni wazi ni kazi ya dakika chache. Retoti yataka kufungwa, kupashwa moto, kusubiriwa na kupozwa, hali wenye njaa na wenye madeni wamengoja tangu asubuhi.

La tatu, kipimo. Mchimbaji mdogo pengine ana dhahabu isiyofika gramu moja. Chombo kilichotengenezwa kwa wingi hakimfai mwenye punje.

La nne, rangi. Dhahabu iliyochomwa katika chuma kilichofungwa yaweza kutoka na rangi ya hudhurungi, na mnunuzi akiiona hivyo hushusha bei, ijapokuwa dhahabu ni ileile.

La tano, na hili ndilo ambalo fundi wa mezani hangeliota hata mara moja: mara nyingi zebaki hutolewa na mnunuzi mwenyewe, bure au kwa bei ndogo, ili mchimbaji amwuzie yeye. Basi ukimwambia mchimbaji, "Retoti itakuokolea zebaki," humwokolei kitu, maana zebaki haikumgharimu.

Tazameni, wasomaji. Katika mambo haya matano, hakuna hata moja linaloonyesha kwamba mchimbaji ni mjinga. Kila moja ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu, tena yaeleweka mara moja ukisimama mahali pake. Na kila moja laweza kupatiwa jibu na fundi. Kama shida ni jicho, ziko retoti za kioo zinazomwezesha kila mmoja kuona donge linavyogeuka. Kama shida ni gharama na vipuri, wataalam wa mradi ule walieneza retoti za vipande vya mabomba ya maji na za mabakuli ya jikoni, ambazo fundi wa kijijini aweza kuzitengeneza na kuzirekebisha. Kama shida ni mnunuzi, basi mnunuzi naye aingizwe katika shauri, maana yeye pia huvuta mvuke ule dukani mwake. Lakini majibu haya yatoka wapi? Hayapatikani mezani. Yatoka kwa kumtazama mtu akiwa na karai yake.

Lakini mtumiaji naye hajui yote

Hapa yafaa tuseme kweli yote. Asiwepo mtu wa kufikiri kwamba mtumiaji akisema "sitaki", basi shauri limekwisha. Mchimbaji ajua mikono yake, wenzake, deni lake na mnunuzi wake. Hajui kiasi cha zebaki kilichomo katika damu yake, maana hilo hulijua mganga mwenye vipimo. Mtumiaji ajua asilolijua mtaalamu, na mtaalamu ajua asilolijua mtumiaji. Kazi ya kuchunguza ni kuzikutanisha elimu hizi mbili mahali pamoja, kila mmoja akimheshimu mwenzake. Mtaalamu asiyeuliza huleta chombo kisichotumika. Naye anayeuliza tu, asieleze hatari, huacha watu waendelee kudhurika kwa adabu njema.

Shauri hili halijaisha. Mataifa yalipatana juu ya zebaki kwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliteswa sana na sumu hiyo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Hata hivyo mahali pengi donge bado lachomwa wazi, hata jikoni, watoto wakiota moto uleule. Kwa hiyo vyombo vipya vitaendelea kuletwa. Heri vije kwa njia ya kuuliza.

Jambo alilolionyesha mtumiaji

Tuondoke machimboni kidogo, tutazame chombo ambacho karibu kila nyumba inacho: simu. Nyote mwajua kutuma na kupokea fedha kwa simu. Je, mwajua kwamba waliokianzisha hawakukusudia kazi hiyo?

Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone ya Uingereza, pamoja na Safaricom ya Kenya na shirika la mikopo liitwalo Faulu, walianza majaribio nchini Kenya. Nia yao ilikuwa watu waliokopa walipe mikopo yao kwa simu, wasipoteze siku nzima njiani. Wakawapa watu simu, wakawafundisha, kisha wakawatazama. Kumbe watu wakaanza kufanya yale wasiyofundishwa. Mmoja akamlipia mwenzake aliye mbali, ili arudishiwe baadaye. Mwingine akaweka fedha kabla ya safari, asiibiwe njiani, akazitoa afikapo. Wengine wakatumiana tu, kama watu wa jamaa moja wanavyosaidiana.

Wale wenye chombo wangeweza kukasirika na kusema, "Mwakitumia vibaya." Hawakusema hivyo. Walijiuliza: watu hawa watuonyesha nini? Chombo kilipotangazwa kwa wote mwezi wa Machi 2007, kwa jina la M-Pesa, hakikutangazwa tena kuwa cha kulipia mikopo, bali cha kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2008 kikaingia Tanzania kwa njia ya Vodacom. Haya yaliyofuata mwayajua wenyewe. Funzo ni hili: wakati mwingine mtumiaji hawezi kukuambia kwa maneno anataka nini, lakini mikono yake itakuonyesha, ukiwa na subira ya kutazama.

Ngitili za Shinyanga

Mfano wa mwisho ni wa nyumbani kabisa, nao si wa mashine. Wazee wa Shinyanga watakumbuka jinsi nchi ilivyokuwa uchi. Misitu ilikatwa tangu wakati wa ukoloni kwa ajili ya kuwafukuza mbung'o. Mashamba ya pamba na mifugo ikaongezeka. Na watu walipohamishiwa katika vijiji miaka ya 1970, wengi waliacha mahali walipopatunza. Wakina mama wakatembea mbali kutafuta kuni, wakapikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba. Watu waliita nchi hii jangwa. Mwalimu Nyerere alipoizuru mwaka 1984 alihuzunika, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI.

Mwanzoni mkazo ulikuwa juu ya vitalu na miche, kama ilivyokuwa desturi ya miradi ya miti. Lakini mche wataka maji, na maji ya kiangazi huku kwetu huletwa juu ya kichwa cha mama. Wataalam walipokaa na wanakijiji na kuwauliza wao wenyewe wangefanya nini, wakasikia neno ambalo kila Msukuma alilijua: ngitili. Yaani kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa wakati wa kiangazi, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wadhaifu na maksai wa kulimia. Mahali palipofungwa miti huchipua yenyewe kutoka mizizi ya zamani, hapana haja ya ndoo wala kitalu. Na sheria za kuilinda ngitili zilikuwako, za dagashida, yaani baraza la jadi. Hazikuhitaji kuletwa kutoka mjini.

Matokeo yake? Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kadiri ya hekta 600 tu. Mradi ulipokoma mwaka 2004, zilikisiwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule. Kuni zimesogea karibu, nyasi za kuezekea zimepatikana, asali na dawa za miti pia. Mwaka 2002 mradi huu ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wataalam walisaidia sana, tusiwanyime sifa yao. Lakini wazo lililostawi lilikuwa limelala kijijini, likingoja kuulizwa.

Namna ya kuuliza

Sasa turudi kwetu. Pengine wewe msomaji u katika kamati ya kisima, au ya shule, au ya chama cha ushirika, nanyi mwataka kununua mashine ya kusaga, au pampu, au madawati. Nanyi basi ni waletaji wa vyombo. Msidhani methali ile ni kwa wageni tu. Yafaa mfanye hivi.

Nendeni mahali kazi inapofanyika, saa inayofanyika. Kisima kitazameni alfajiri, foleni inapokuwa ndefu, si saa nne wakati kamati imekwisha kunywa chai.

Tazameni kwanza, ulizeni baadaye. Msichana wa miaka 10 akining'inia kwenye mpini wa pampu kwa uzito wote wa mwili wake, amekwisha kutoa ushuhuda kabla hujafungua daftari.

Mwulizeni yule anayeifanya kazi kwa mikono yake. Mara nyingi huulizwa mwenyekiti juu ya maji anayoyachota mkewe, na baba juu ya jiko asilolipikia.

Ulizeni habari za jana, msiulize za kesho. Ukisema, "Je, utaitumia?" kila mtu atasema ndiyo. Sema, "Jana uliitumia mara ngapi? Ilikuwaje?" Hapo utapata neno.

Jaribuni kwa kitu kimoja kabla ya kununua mia. Dawati moja la mfano likiwekwa darasani juma zima, watoto wakalikalia, litawafundisha zaidi ya mikutano mitatu. Na wakati wa kujaribu, nyamazeni. Msimshike mtu mkono. Akikwama, andikeni alipokwama. Hapo ndipo penye kosa la chombo.

Mwisho, rudini baada ya msimu mmoja. Chombo kipya husifiwa na wote. Ukitaka kujua ukweli wake, kitazame vumbi likiwa limekwisha kukaa.

Neno kwa wenye kuulizwa

Bado liko jambo moja, nalo latuelekea sisi wanakijiji wenyewe. Sisi ni watu wa adabu, nayo ni tunu. Lakini adabu yetu mara nyingine hutuponza. Mgeni aja na jiko jipya, aliacha kwa mwezi mmoja, kisha arudi na kuuliza:

"Mayu, jiko hili lakufaa?"

"Lafaa sana, baba. Asante."

Mgeni aandika katika daftari lake: lafaa sana. Aenda zake kwa furaha, na majiko 500 ya namna ileile yatengenezwa. Naye mama yule hajalitumia tangu siku ya tatu, kwa kuwa mdomo wake ni mwembamba na kuni zake zote ni nene, tena ugali wa watu wanane hausongwi juu ya jiko linaloyumba. Hakusema uongo kwa ubaya. Aliona haya kumwaibisha mgeni aliyetoka mbali. Lakini kwa neno lile la upole, wamama 500 wamepata jiko lisilofaa, na mgeni amenyimwa kitu kimoja alichokifuata.

Basi tujifunze kusema kweli kwa heshima. Mama yule angeweza kusema, "Baba, twashukuru kwa kutukumbuka. Moto wake ni mzuri na moshi ni kidogo. Ila njoo jikoni, nikuonyeshe linavyoyumba nikisonga." Hapo hakuna aliyetukanwa, na fundi amepata kazi ya kufanya. Vivyo hivyo mchimbaji asiyeitumia retoti asijifiche akasema imeibwa. Aseme wazi, "Wenzangu hawaoni dhahabu yao humo ndani." Neno hilo moja laweza kuokoa mapafu ya watu wengi. Nanyi mkiisha kujibu, mna haki ya kudai: mliyoyaandika juu yetu, rudini mtusomee, tujue mmeyafanyia nini.

Wasomaji wapenzi, juma hili msikose kufanya jambo dogo. Chagueni chombo kimoja kilichoachwa pembeni nyumbani mwenu, au shuleni, au ofisini mwa kijiji. Msimlaumu mtu. Mtafuteni aliyetakiwa kukitumia, mkae naye, mmwulize: kilikushinda wapi? Kisha msikilize mpaka amalize.

Tuonane juma lijalo.

Ni mimi,
Karani wa Parokia